Pedali ya breki inabonyea, HiAce ya kulala (3L, 1996), Malindi

BintiSabaki
Salaam aleikum waungwana. Gari ni HiAce ya 1996, injini ya dizeli 3L, diski mbele, dramu nyuma, haina ABS. Ndani imetengenezwa iwe ya kulala: kitanda, tanki la maji la lita 60, friji, mtungi wa gesi. Springi za nyuma zimeongezwa jani moja kila upande ili libebe uzito huo. Juzi kalipa za mbele (zile zinazobana pedi kwenye diski) zilifunguliwa gereji zikawekwa raba mpya, pedi mpya, na mafuta ya breki yakajazwa. Tangu hapo pedali inabonyea. Inashuka zaidi ya nusu ndipo gari lianze kushika, na hata likishika, pedali haina mwisho, ukiongeza nguvu ya mguu inazidi kwenda. Gereji wamesema masta ya breki (pampu ya pedali inayosukuma mafuta) imekufa, ninunue nyingine. Nauliza kabla ya kutoa pesa: kuna namna ya kuhakikisha? Gari linatakiwa kwenda Mokowe, gati la kuvukia Lamu, likae pale wiki kadhaa wenyewe wakiwa Lamu, kisha liende Wundanyi, milimani Taita.

SpanaKumi
Aleikum salaam dada. Usinunue kitu bado. Masta ikifa ina dalili zake, na ulivyoeleza haijajulikana kama ni yenyewe. Lisimamishe gari mahali tambarare, weka kuni mbele na nyuma ya gurudumu, kisha ufanye haya ukiandika jibu la kila moja.

Injini imezimwa, kanyaga mara tano au sita mpaka nguvu ya busta iishe. Hapo ndipo unapopima pedali. 3L ina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, na injini ikinguruma busta inasaidia sana mguu, kwa hiyo hata breki nzima huonekana laini. Wengi wanahukumu breki kwa kosa hilo.

Sasa kanyaga mara moja polepole, tazama pedali imefika wapi kutoka sakafuni. Iachie irudi yote, ngoja kidogo, kisha kanyaga tatu za haraka na uishikilie ya tatu. Imepanda? Ikipanda, imekuwa ngumu au bado inabonyea huko huko juu?

Baada ya hapo ishikilie kwa nguvu ya wastani dakika nzima bila kusogeza mguu. Inazama? Mwisho, ukiwa bado umeikanyaga, washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo tu chini ya mguu. Ikishuka hivyo busta inafanya kazi.

Maana yake ni hii. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mafuta yanayovuja nje, ni kapu za raba ndani ya masta zinapitisha mafuta. Pedali inayopanda kwa pampu lakini ikabaki inabonyea, ni hewa. Inayopanda na kuwa ngumu kabisa, hakuna hewa. Kuna uwazi mkubwa mahali, mara nyingi dramu hazijakazwa, yaani shuu zinazozisukuma kwa ndani ziko mbali nazo, au bearingi ya mbele imelegea na diski inazirudisha pedi nyuma. Isiyobadilika hata ukipiga pampu, kuna kitu kinanyumbuka: hosi inafura, kalipa imekwama kwenye pini zake, au pedi haijakaa sawa.

Busta iliyokufa haileti pedali laini. Inaleta pedali ngumu. Yeyote atakayekwambia ubadilishe busta kwa sababu pedali inabonyea, mwache.

BintiSabaki
Nimefanya. Ya kwanza inafika kama sentimita 5 kutoka sakafuni. Baada ya pampu tatu inapanda kama sentimita 3 hivi, lakini bado inabonyea huko juu. Nimeishikilia dakika nzima, haizami. Injini ikiwaka inashuka kidogo na kutulia. Kwenye tanki mafuta hayapungui, chini ya gari sioni maji maji.

SpanaKumi
Basi masta imeshajitetea. Kapu zinazopitisha mafuta zisingeshika dakika nzima. Una hewa, na pengine na uwazi wa dramu juu yake, maana kupanda sentimita 3 ni kwingi.

KaskaziDizeli
Niongezee hapo kwa shekhe SpanaKumi, watu waone kwa nini hewa kidogo inaharibu pedali nzima. Chukua masta yenye kipenyo cha inchi 15/16, yaani karibu milimita 24. Eneo la pistoni yake ni kama milimita za mraba 445. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Ukiwa na sentimita moja ya ujazo ya hewa, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai, pistoni ya masta lazima isogee zaidi ya milimita 2 kuibana kabla ya breki kupata nguvu. Mkono wa pedali unazidisha mwendo huo mara nne au tano. Hiyo ni sentimita nzima ya pedali imepotea kwa tone la hewa.

Na dramu vivyo hivyo. Silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha inchi 7/8 ina pistoni mbili. Ukiwa na milimita moja tu ya ziada kati ya shuu na dramu kwa kila pistoni, magurudumu mawili ya nyuma, unahitaji sentimita za ujazo moja na nusu za mafuta kuziba nafasi hiyo, na kwenye pedali ni sentimita moja na nusu. Watu hutoa hewa mara kumi wakati tatizo ni shuu hazijakazwa.

Dada, ukivuta breki ya mkono inakuja mbali kabla ya kushika?

BintiSabaki
Ndiyo, inakuja mbali sana.

KaskaziDizeli
Basi anza na dramu kabla ya kutoa hewa, na usiikaze waya ya breki ya mkono kwanza. Kukaza waya kunazivuta shuu na kuidanganya nyota (kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu karibu na dramu), halafu haitazunguka tena. Legeza waya, inua nyuma, weka stendi chini ya ekseli, toa gurudumu na dramu. Dramu ikigoma, kuna matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake. Ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Usiipige nyundo ukingoni, inapasuka.

Dramu ikiwa nje, inua kwa kidole ule mpira wa vumbi wa silinda. Unyevu mdogo wa kuhisi kwa kidole si neno. Tone likitoka, silinda imekufa, na hata kama haijaanza kudondoka chini, huko ndiko hewa huingia pedali inaporudi. Ubavuni mwa silinda nyingi pameandikwa kipenyo kwa sehemu za inchi. Nunua kipenyo kile kile, pande zote mbili. Ukiweka kikubwa upande mmoja, gari litavuta.

Soma pia ndani ya dramu. Kuna kipimo cha mwisho kimeandikwa juu yake. Dramu iliyochongwa ikapita kipimo hicho, shuu mpya zinagusa katikati tu, na pedali inabonyea mpaka zijikate umbo. Kisha safisha nyuzi za nyota, tia grisi ya breki kiduchu, rudisha dramu, zungusha nyota mpaka gurudumu liwe zito kuzunguka kwa mkono, rudisha meno machache mpaka liwe huru likikwaruza kwa mbali tu. Kanyaga pedali mara kadhaa shuu zijipange katikati, ukaze tena. Waya ya breki ya mkono ndiyo ya mwisho.

Mokowe4x4
Waungwana mmesema vyema, lakini dada anahitaji kujua ni kona gani kabla ya kufungua kila kitu. Kutenganisha ndiyo njia. Kuna vibanio vya hosi vyenye midomo ya mviringo, bei yake si kitu. Bana hosi ya mbele kulia, ya mbele kushoto, na ile moja ya nyuma inayoshuka kwenye ekseli. Zote tatu zikibanwa, kanyaga. Pedali iwe juu na ngumu bila mchezo. Hapo masta na paipu za chuma ziko salama. Fungua kibanio kimoja kimoja, ukanyage kila mara. Ile inayoirudisha pedali kwenye ulaini ndiyo kona yako.

Usitumie vaisgripu (koleo la kujifunga) tupu. Meno yake yanakata nyuzi za ndani ya hosi na wewe usione kitu nje. Na kama hosi zina mikunjo iliyopasuka nje, usizibane kabisa; hizo ni za kubadilisha. Badala yake fungua paipu kwenye masta na uzibe matundu kwa plagi za M10 kwa 1.0, ndio uzi wa paipu za Toyota. Masta ikizibwa ikabonyea, hapo ndipo ununue masta.

BintiSabaki
Hosi ni mpya mpya, ziliwekwa pamoja na raba za kalipa. Nimekaza dramu kama alivyosema KaskaziDizeli, silinda kavu zote mbili. Nyota ya kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu. Pedali imepanda, ya kwanza na ya tatu sasa ziko karibu sawa, lakini bado inabonyea.

Vibanio: zote tatu zimebanwa, pedali juu, ngumu. Nikafungua nyuma, karibu hakuna tofauti. Nikafungua mbele kulia, ikabonyea. Nikairudisha, nikafungua mbele kushoto, ikabonyea vile vile. Zote mbili za mbele zina tatizo?

HilaliMambrui
Dada, kabla ya kingine chochote: inama utazame kalipa za mbele. Nipeli ya kutolea hewa iko juu kuliko pale hosi inapoingia, au iko chini?

BintiSabaki
Iko chini. Pande zote mbili. Hosi inaingia juu yake.

HilaliMambrui
Kalipa zimefungwa kinyume. Ya kulia iko kushoto na ya kushoto iko kulia. Kwenye magari mengi bodi mbili hizi zinafanana na zinakubali kukaa upande wowote, bolti zinaingia, hosi inafika, pedi zinakaa. Lakini nipeli huwekwa sehemu ya juu kabisa ya silinda kwa sababu hewa hupanda. Ikiwa chini, unatoa mafuta masafi lita nzima na pale juu nyuma ya pistoni hewa imekaa palepale. Hakuna pampu itakayoitoa. Na kona zote mbili zikiwa mbaya kwa pamoja mara tu baada ya kalipa kufunguliwa, ni mambo machache tu mengine yanayofanya hivyo.

Zibadilishe upande. Kabla ya kufungua, weka fimbo kati ya kiti na pedali, ikanyagwe kama sentimita 3 na ibaki hapo. Pistoni ya masta inafunika tundu la mafuta na tanki halitajimwaga lote. Ondoa bolti ya mkono wa hosi, na washa zake mbili za shaba uzitupe, weka mpya. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi vizuri mara ya pili. Ukifunga tena, hakikisha hosi haijajipinda. Geuza usukani kulia mwisho, kushoto mwisho, utazame haigusi tairi wala springi.

Ukiwa hapo, toa pini za kalipa. Ziteleze kwa kidole. Safisha, tia grisi ya silikoni au ya breki, usitie grisi ya bearingi: grisi ya mafuta ya petroli inafurisha mipira ya pini na kalipa inakwama. Kalipa iliyokwama kwenye pini inajipinda ukikanyaga, na huko kujipinda mguu unahisi ni ulaini. Pedi nazo ziteleze kwenye vishikio vyake. Kama zinaingia kwa nyundo, piga faili kutu.

Mtepe_Diesel
Samahani kuingilia uzi. Mtaani kwetu mafuta ya breki yakipungua watu huongeza ya pawa stiaringi au ya gia otomatiki, wanasema ni haidroliki vile vile. Ina madhara?

KaskaziDizeli
Madhara makubwa, ami, na hayarudishiki. Mafuta ya breki ya DOT 3, 4 na 5.1 ni ya glikoli. Raba za breki zimetengenezwa kuishi ndani yake. Mafuta ya madini, yawe ya injini, ya stiaringi au ya gia, yanazifurisha raba hizo zikawa laini. Kifuniko cha tanki ndicho cha kwanza kuonyesha: ule mpira wa ndani unavimba na haurudi mahali pake. Ukiona hivyo, masta, kalipa, silinda za magurudumu na hosi zote raba zake zimeshaguswa. Dawa ni kuosha paipu za chuma na kubadilisha kila raba kuanzia kwenye tanki mpaka magurudumuni. Hakuna njia ya mkato.

DOT 5 nayo ni silikoni, si ndugu wa hizo nyingine ingawa namba inakaribia 5.1. Usichanganye.

SpanaKumi
Na tuzungumze maji, maana huku kwetu ndiyo adui. Mafuta ya glikoli yanavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mapya yanachemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 mapya na 155 yakiwa na maji. Malindi mpaka Mombasa ni tambarare, unaweza kuendesha na mafuta yaliyokufa miaka na usijue. Lakini dada amesema Wundanyi. Ule mteremko wa kushuka kuelekea Mwatate, na gari lina maji, friji na kitanda, ndipo mafuta yanapochemka ndani ya kalipa. Yakichemka ni mvuke, na mvuke ni hewa. Pedali inakwenda sakafuni, na likipoa inarudi nzuri, ukifika gereji haionekani kosa lolote.

Tumia DOT 4 kwenye gari hili. Nunua chupa zilizofungwa, lita moja ya kuosha mfumo wote na nusu ya akiba. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita ikakaa rafuni kwa unyevu wa pwani, mwaga. Sijali imebaki kiasi gani.

BintiSabaki
Kalipa nimezibadilisha, nipeli sasa ziko juu. Washa mpya, pini zinateleza. Naomba utaratibu wa kutoa hewa, tuko wawili.

HilaliMambrui
Vizuri. Andaa mpira mwangavu wa milimita 5 au 6 ndani, chupa yenye mafuta masafi kidogo chini, spana ya mviringo ya nipeli, 8 au 10 kutegemea. Nipeli ikigoma, usilazimishe: tia mafuta ya kutu, gonga kichwa chake taratibu, kaza kidogo kwanza ndipo ufungue. Ikikatika utanunua kalipa.

Weka mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Hili watu hupuuza na ndilo linaloua masta za zamani. Pistoni ya masta miaka yote inatembea sehemu ile ile, na mbele ya hapo kuna kutu na uchafu. Ukiisukuma mpaka mwisho wakati wa kutoa hewa, kapu za raba zinapita juu ya kutu hiyo na kukwaruzika. Masta iliyokuwa nzima asubuhi inaanza kuzama jioni, na watu wanasema kumbe ilikuwa imekufa.

Vuta mafuta machafu kutoka tanki kwa bomba la sindano, jaza mapya. Kisha anza na gurudumu lililo mbali na masta. Gari la usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwenzako anakanyaga polepole, anasema "chini" na anashikilia. Wewe fungua nipeli robo ya mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo umwambie "achia". Akiachia kabla hujafunga, inavuta hewa. Pedali ipumzike sekunde mbili tatu kila mara, masta ipate kujaa. Haraka inasaga hewa ikawa povu dogo lisiloonekana.

Angalia tanki kila baada ya kanyaga tano. Likikauka mara moja unaanza upya kutoka masta. Kila kona endelea mpaka rangi igeuke na viputo viishe, kisha ongeza kanyaga kadhaa. Kaza nipeli kwa mkono mwepesi, Nm 8 hadi 11 hivi. Ina koni ndogo ndani, haihitaji nguvu.

Mkitumia pampu ya kuvuta badala ya mguu, msishtuke kuona viputo visivyoisha. Hiyo hewa inaingia kupitia nyuzi za nipeli, haitoki ndani.

Mafuta yakimwagika kwenye rangi, maji mengi hapo hapo. Yanabandua rangi.

Mokowe4x4
Nyuma kuna jambo moja hamjalitaja. Gari la mzigo kama hili kwa kawaida lina vali ya uzito juu ya ekseli, ina mkono na springi ndefu inayofungwa kwenye ekseli. Ekseli ikining'inia, vali inadhani gari ni tupu na inabana mafuta ya nyuma. Basi msitoe hewa gari likiwa limeinuliwa kwa bodi. Stendi ziwe chini ya ekseli, uzito uwe juu ya springi. Vali ikiwa na nipeli yake, itoeni hewa mwishoni baada ya magurudumu.

Na hapa, dada, kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya pedali. Umesema majani ya springi yameongezwa. Bodi imepanda, mkono wa vali umeshuka kulingana nayo, na vali sasa inasoma gari tupu siku zote, hata likiwa na tanki lililojaa na watu wanne wamelala ndani. Breki za nyuma hazipati nguvu yake. Mbele zinafanya kazi yote, zinachemka, pedi zinaisha mapema, na gari likifungwa ghafla linachomeka pua. Hakuna ulaini wa kukuonya.

BintiSabaki
Hili sikulijua. Nalirekebishaje bila kuliharibu?

Mokowe4x4
Gari likae juu ya magurudumu yake, tambarare, na mzigo wake wa safari: maji yamejaa, gesi ndani. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Linganisha na HiAce ya aina hiyo hiyo isiyoongezwa majani, ikiwa imebeba mzigo kama huo. Tofauti ndiyo kiasi ambacho springi ya vali inahitaji kufidiwa. Mara nyingi kile kishikio cha chini cha springi kina nafasi ya kusogezwa, au unatengenezewa kishikio kirefu zaidi kwa kiasi hicho. Kiwe cha chuma kilichofungwa kwa bolti. Usichome weldi kwenye vali yenyewe wala kwenye springi yake.

Wapo wanaofunga mkono wa vali juu kwa waya, "breki za nyuma zishike zaidi". Hapana. Gari likiwa tupu kwenye mvua, nyuma inafunga kabla ya mbele na mkia unakuja mbele. Na wapo wanaoitoa vali kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Ni hatari ile ile.

Baada ya kurekebisha, jaribu barabara ya mchanga mgumu isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa, ukifunga kwa nguvu. Alama za tairi za mbele zitangulie kuonekana. Za nyuma zikianza kwanza, umezidisha, rudisha.

BintiSabaki
Tumemaliza kutoa hewa. Mbele kushoto zilitoka hewa nyingi, mfululizo, kisha mafuta masafi. Kulia vile vile. Pedali sasa iko juu, kama sentimita 11 kutoka sakafuni, na ina mwisho. Nimeishikilia dakika nzima injini imezimwa, na dakika nyingine injini inawaka. Haijasogea. Masta ni ile ile. Ahsanteni sana.

Nimepima springi ya vali: bodi imepanda milimita 45 kuliko HiAce ya jirani yenye mzigo unaofanana. Kishikio kinatengenezwa.

SpanaKumi
Alhamdulillahi. Sasa weka karatasi kavu chini ya kila gurudumu usiku kucha, na kesho pitisha kidole kwenye nipeli nne, bolti mbili za hosi na maungio ya masta. Kisha liendeshe kilomita chache, ufunge breki mara kadhaa mpaka diski zipate joto, urudie kukagua. Uvujaji mdogo wa washa hujitokeza kwenye joto.

Kabla ya Mokowe, tazama paipu za chuma chini ya sakafu, hasa pale zinaposhikwa na vibanio. Chumvi ya pwani inakaa ndani ya vibanio hivyo na paipu inaliwa kutoka nje bila kuonekana. Kwangua kwa kucha. Ukiona magamba, badilisha urefu wote. Paipu ya shaba na nikeli ya milimita 4.75, ncha zikunjwe mara mbili. Paipu ya shaba ya friji haifai, wala kuunganisha kwa pete ya kubana katikati. Breki ina shinikizo ambalo vitu hivyo havikutengenezwa kulibeba.

KaskaziDizeli
Na likikaa Mokowe wiki kadhaa, usiliache na breki ya mkono imevutwa. Shuu zinagandana na dramu kwa kutu, na ukilazimisha gari kutoka, lining inabanduka kwenye shuu. Acha kwenye gia ya kwanza na kuni mbele na nyuma ya magurudumu. Wenyewe wamwambie mlinzi aikanyage pedali mara kadhaa kila wiki, pistoni zisikae sehemu moja.

Kama limepita ufukweni Mambrui, lioshwe kwa maji matamu chini na ndani ya rimu siku hiyo hiyo, kisha liendeshwe kidogo breki zikauke ndipo liegeshwe.

HilaliMambrui
Kwa Wundanyi: kushuka, gia ile ile ungeitumia kupanda. Kanyaga kwa nguvu muda mfupi, achia zipoe, usilaze mguu juu ya pedali kilomita nzima. Na kishikio cha vali kiwe kimefungwa kabla ya safari hiyo.

BintiSabaki
Kitafungwa Alhamisi. Nitaweka vipimo vya alama za tairi hapa.